Mzee Orijino na Spea ya Kando

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema hili mapema msije mkahangaika kumtafuta katikati ya hadithi, maana kwenye kundi letu wagombea wa cheo hicho hawajawahi kuwa haba. Lakini siku ile niliwaacha wenzangu mbali, na nusura nimpeleke mtu kaburini kwa sababu tu nilitaka kushinda ubishi.

Mtu mwenyewe tunamwita Mzee Orijino. Kabla ya kustaafu alikuwa mpima ardhi, mtu wa kugombana na jiwe la mpaka likikaa pembeni kwa upana wa ukucha. Alipostaafu, ugomvi wote aliuhamishia kwenye gari lake: gari dogo la kijani lenye taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Gari hilo tunaliita Bibi. Kwa Bibi hakuna bolti, nati wala mpira wa mlango uliotoka nje ya kiwanda kilichomzaa. Kitu chochote cha kwingine, hata kiwe kizuri namna gani, Orijino hukiita spea ya kando, na hulitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya limau. Taa moja ya mbele ilipopasuka, alizunguka na jicho moja tangu mvua za mwaka mmoja hadi za mwaka uliofuata, akingoja kioo chenye mistari ileile kutoka kwa mzee mwenzake wa ng'ambo.

"Na hiyo miwani je?" nilimchokoza siku moja. "Ulizaliwa nayo?"

"Miwani inavaliwa na kuvuliwa," alinijibu. "Haijafungwa. Ni kama turubai la kufunikia gari. Turubai si spea."

Ndivyo alivyo. Ukimpa sumu atauliza kwanza kama ni orijino.

Wengine kundini ni hawa. Yupo Rangi, ambaye amepaka magari tangu ujana hadi nadhani hata kikohozi chake kina rangi. Kila Jumapili asubuhi tunakutana kwenye ua wake, magari manne ya kale yamepangwa kivulini jua lisije likayachoma. Yupo Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu. Hata leo ukimuuliza habari za asubuhi anakupa jibu pamoja na njia. Na nipo mimi, mshona viti vya magari. Shule yangu ilikuwa barabarani. Nilianza utingo wa malori, tajiri wangu akaniacha njiani na mzigo uliooza, feni ya injini ikanila kidole, nikajifunza kushona kwa vidole vilivyobaki. Ada nimelipa, ndiyo maana nacheka bila kuomba ruhusa.

Chama chetu hakina mwenyekiti kwa kuwa kila mmoja anautaka uenyekiti. Wake zetu wanasema sisi tumeoa mabati, wao ni nyumba ndogo. Sheria tunayo moja tu: hufungui boneti ya mwenzio mpaka akupe kitambaa. Mwenye gari hutoa kitambaa chake cha kufutia mikono na kukukabidhi; ukishakipokea, gusa. Bila kitambaa, hata moshi ukitoka, unasimama pembeni mikono mfukoni na kutoa ushauri. Ushauri haujawahi kuhitaji kitambaa.

Ugonjwa ulimwanza Orijino kwa kizunguzungu. Mwanzoni alisema ni jua, kisha akasema ni chai, halafu Jumapili moja uani kwa Rangi spana ilimponyoka mkononi, ikaanguka, naye akaifuata. Alipozinduka alikuta nyuso tatu za wazee zimemwinamia, akasema, "Mbona mnanitazama kama injini?" Tulicheka huku tukimpakia garini. Hospitalini walimwambia moyo wake unapiga polepole mno, na mara nyingine unasahau kabisa kupiga, kama mlinzi aliyesinzia lindoni.

Tangu hapo tukawa tunampeleka kliniki kwa zamu, maana kuendesha alikatazwa, ingawa kukatazwa na kuacha ni watu wawili wasiosalimiana. Kwenye gari la Mwalimu ilibidi akunje magoti hadi kidevuni. La Rangi lilinuka tina ya kuzimulia rangi mpaka mgonjwa akashuka na ugonjwa wa pili. Siku ya zamu yangu, gari langu lilizima njiani, na mgonjwa ndiye aliyeshuka, akaomba kitambaa, akalitengeneza ili nimfikishe kwa daktari. Daktari alishangaa kwa nini mikono ina grisi na uso una furaha.

Sasa Bibi naye alikuwa mgonjwa wa aina yake. Ndani ya distributa, kile kikombe kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi, kuna vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche ipatikane. Vya Bibi vilikuwa vya tangu azaliwe, vimesuguliwa msasa hadi vimebaki jina. Ufunguo peke yake haukumwamsha. Ilibidi Orijino achukue hendeli, ile nondo iliyopinda, aichomeke mbele ya gari na kuizungusha kwa nguvu za mwili mzima. Tulimtazama akihema, midomo ikibadilika rangi, tukajua hendeli ile itamwahi kabla ya ugonjwa.

Kipo kifaa cha kisasa, kidogo kama kidole gumba, kinachofanya kazi ya vibati hivyo na kujificha palepale chini ya kifuniko cha distributa. Tulimshauri akifunge. Alitufukuza nyumbani kwake kana kwamba tumemtukania mama yake.

Basi alipolazwa kwa vipimo, tulikwenda bandani kwake mchana kweupe, kama wezi walioandaliwa chai. Wazo lilikuwa langu. Waya zilikuwa za Mwalimu. Rangi alishika tochi na kusali. Mke wa Orijino, shemeji yetu, ndiye aliyetufungulia mlango wa banda, akasema, "Mimi sijaona kitu. Niko jikoni." Kitambaa hatukupewa na yeyote. Vibati vya zamani tulivifunga kwenye karatasi tukaviweka kwenye kopo juu ya rafu, kifuniko tukakirudisha, alama ya kidole tukaifuta.

Orijino alirudi, akakaa, akageuza ufunguo. Bibi akawaka palepale, bila hata kukohoa. Uso wa mzee yule ulikunjuka ukawa wa kijana. Jumapili iliyofuata alitusimamisha mbele ya boneti, akatuhubiria: "Mnaona kitu cha asili? Ukikitunza, kinajiponya chenyewe!"

Sisi tulitazama viatu vyetu. Sijawahi kuona wazee watatu wakivutiwa na viatu namna ile.

Ndipo daktari alipotoa neno lake. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, asiyezungusha maneno. Alisema dawa haitoshi. Inabidi afungiwe kifuani, chini ya ngozi, kidude chenye betri kitakachoushtua moyo kila unapozubaa. Shughuli yenyewe si kubwa. Asipofungiwa, siku moja moyo utazubaa na hautakumbuka tena.

Orijino alimsikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake, akasema, "Binti yangu, nashukuru. Spea ya kando siweki."

Basi Jumapili ile ya ujinga wangu, badala ya kukutana uani, tulikwenda nyumbani kwake kumshawishi. Tuliyapanga magari yetu matatu nje ya geti lake kama msafara wa harusi iliyokosa bibi harusi. Sebuleni alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, vitabu vya ufundi wa Bibi vimepangwa pembeni kwa mpangilio ambao hakuna anayeruhusiwa kuuvuruga. Alikuwa amepungua. Shingo ilikuwa imebaki peke yake ndani ya kola.

Shemeji alituletea chai. Huyu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na sauti yake imenyamazisha mabwalo mazima yenye njaa. Orijino alimwoa baada ya mama wa watoto wake kufariki, watoto wakiwa bado wadogo, na ni yeye aliyewakuza hadi wakatawanyika na kazi zao. Picha ya marehemu iko ukutani, na anayeifuta vumbi ni shemeji mwenyewe. Aliweka sinia, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, leo ongeeni naye vizuri. Jana alianguka bafuni. Amenikataza nisiwaambie, kwa hiyo sijawaambia."

Mwalimu alianza. Alitoa sababu moja, akatoa ya pili, akaziunganisha. Orijino alimwacha afike mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, hesabu yako ni sahihi. Mtu wa kuifanyia ndiye siye."

Rangi akajaribu kwa machozi. Yeye ana machozi ya karibu. "Mzee, tukikupoteza wewe, Jumapili tutakuwa tunafanya nini?"

"Mtakuwa mnagombania Bibi."

Zamu yangu ikafika. Nilisema, "Kaka, hivi ukifungiwa hicho kidude, utapungua nini?"

"Nitapungua mimi."

"Kwa kitu kidogo kama kiberiti?"

"Ukubwa si hoja. Gari likishafungwa spea moja ya kando si lile tena. Linafanana tu na lile. Hata uking'arisha vipi, ndani yake kuna mgeni anayeendesha shughuli." Akanyoosha kidole kuelekea bandani. "Mtazame Bibi. Ana umri gani? Hana kitu cha mtu ndani yake, na anawaka kuliko magari yenu yote. Kwa nini? Kwa sababu ni yeye mwenyewe."

Hapo ndipo ujinga uliponipanda. Nilimwona ameshinda, nami siwezi kuvumilia mtu ameshinda kwa hoja ambayo mimi ndiye niliyemfungia kwa mikono yangu. Nikaona hapa ndipo pa kumkata kauli. Akijua Bibi anaishi kwa spea ya kando, atakubali na yeye. Kwenye kichwa changu ilikuwa hoja safi kabisa.

"Bibi anayo tayari," nikasema.

Mwalimu alinikanyaga mguu, lakini alichelewa. Neno lilishatoka, na neno si gari, halina rivasi.

"Anayo nini?" akauliza Orijino.

Nikamweleza. Niliendelea kueleza hata nilipomwona rangi inamtoka, kwa sababu mtu akishaanza kuteleza hana budi kufika chini. Nikamwambia kifaa, nikamwambia siku, nikamwambia na jinsi Rangi alivyosali. Nikamaliza kwa kicheko, nikidhani atacheka. "Kwa hiyo kaka, huyo Bibi aliyejiponya mwenyewe, tulimponya sisi!"

Hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, "Nani alikupa kitambaa?"

Kijiko cha Rangi kiligonga kikombe, kikanyamaza.

Orijino alishusha miguu kutoka kwenye kigoda, mmoja mmoja, akasimama. Tulisimama wote. Alitupita kama watu wasiokuwepo, akashika ukuta, akashika mlango, akatoka kuelekea bandani. Tulimfuata tukimsihi, mimi nikiwa mbele kwa kusihi kama nilivyokuwa mbele kwa kusema. Shemeji alitoka jikoni na mikono yenye povu la sabuni, akauliza, "Mmemwambia nini?"

Bandani alifungua boneti. Alikitoa kifuniko cha distributa kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa kofia. Akakiona kifaa. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akakata waya zake kwa koleo na kukitupa sakafuni.

"Vyangu viko wapi?"

"Juu ya rafu," Mwalimu akasema. "Kwenye kopo."

"Mlivihifadhi."

"Tulivihifadhi, mzee."

"Basi mlijua mnaiba. Mtu asiyeiba hahifadhi."

Alivifunga vibati vyake mwenyewe. Vidole vilikuwa vinatetemeka njiani, lakini vikifika kwenye skrubu vinatulia, kama mtoto akifika kwa mama yake. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Alimaliza, akakaa ndani, akageuza ufunguo. Bibi aligumia tu. Akageuza tena, akagumia kidogo zaidi, kisha kimya. Orijino akashuka na kuchukua hendeli ukutani.

Niliishika. Niliishika upande mmoja, yeye upande mwingine, wazee wawili tukivutana nondo kama watoto wanaogombania muwa. "Kaka, niue mimi kwanza," nikasema. "Hii huizungushi."

Alinitazama usoni. "Nimekupa kitambaa?"

Nikaiachia. Ndiyo, niliiachia. Nilikuwa na nguvu kumzidi, ningeweza kumnyang'anya na kuitupa juu ya paa, lakini aibu ilinilegeza vidole. Mtu unaweza kufanya ujinga mara mbili kwa saa moja. Msifikiri akiba huisha.

Aliizungusha. Mara ya kwanza Bibi alikohoa. Mara ya pili akatema moshi. Mara ya tatu akawaka, injini ikanguruma, banda zima likajaa ile harufu tunayoipenda kuliko uturi. Orijino aligeuka akatutazama na uso wa ushindi, hendeli mkononi, akafungua mdomo aseme kitu. Hakukisema. Alishuka chini ameegemea bampa ya gari lake, macho yakiwa wazi lakini hayamtazami mtu.

Kilio cha shemeji sitaki kukieleza.

Ninachotaka kueleza ni hiki. Nje ya geti palikuwa na magari yetu matatu, yameng'arishwa, kila moja limeimbiwa sifa miaka yote kuwa halijawahi kumwangusha mwenyewe. Na Bibi alikuwa palepale ananguruma. Hakuna aliyetaja lake. Si mimi, si Mwalimu, si Rangi. Bila kushauriana, sote tulikimbilia ukuta wa mpaka kumwita jirani mwenye lile gari jipya la kisasa tunalolicheka kila siku na kuliita sabuni. Jirani akaja mbio na ndala mguu mmoja. Tukamlaza Orijino nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe, na sabuni ikateleza kimya hadi hospitalini bila kuuliza swali. Mimi nilikaa mbele. Njia nzima nilikuwa nasikiliza kiti cha nyuma kama anapumua.

Kwenye benchi la korido, shemeji alikaa ameshika kofia ya mumewe. Povu la sabuni lilikuwa limemkaukia mikononi. Nilimwambia, "Shemeji, nisamehe. Nilitaka kumsaidia."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sijakupiga."

Mwanawe mkubwa alipiga simu kutoka alikohamia, analia, "Mama, nipande ndege?" Akamjibu, "Subiri, mwanangu. Nitakwambia." Kisha akakata simu na kuikandamiza kifuani kama anayeizuia isilie tena.

Daktari yule yule wa sauti ya chini alitoka. Moyo umerudi, alisema, umerudi wenyewe. Safari ijayo hawezi kuahidi. Watamlaza usiku huo wakimtazama, na kesho mchana kuna nafasi ya kumfungia kidude. Lakini mgonjwa ameamka, ana akili zake timamu, na amekataa tena. Akiendelea kukataa, nafasi atapewa mtu mwingine anayeingoja, na yeye atarudi nyumbani na moyo wake kama ulivyo.

"Mna mpaka kesho saa sita," akasema, akatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta mwenye akili kati yetu. Nadhani alikata tamaa alipofika kwangu.

Asubuhi tulikuwa wote wodini. Orijino alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, waya zimebandikwa kifuani, mashine kando yake ikichora vilima vidogo vya kijani vyenye mabonde marefu kuliko yanavyopaswa kuwa. Kila bonde liliporefuka, sote tuliacha kupumua hadi kilima kingine kitokee. Yeye mwenyewe alikuwa ametulia.

"Na hizo waya?" akauliza Rangi kwa upole. "Si za kando hizo?"

"Zimebandikwa. Zinabanduliwa."

Mwalimu akavuta kiti. "Tairi za Bibi umebadilisha mara ngapi?"

"Tairi ni kama kucha. Zinaisha, zinaota nyingine."

"Oili?"

"Chakula hicho."

"Betri?"

Hapo alisita. Mwalimu akaona mwanya, macho yakamng'aa. "Betri ya sasa haikutoka kiwandani kwake, mzee. Ya kwanza ilikufa zamani. Na hiki unachokikataa ni nini kama si betri?"

"Bibi ukimtoa betri hafi," akasema Orijino. "Anakaa, anangoja. Mimi nitakuwa mtu wa kuchomolewa?" Akafumba macho kidogo. Alipoongea tena haikuwa sauti ya ubishi, na hilo ndilo lililonitisha. "Ninyi mnadhani nafanya ukaidi. Sikilizeni. Miaka yote nikilala, nausikia moyo wangu sikioni, kwenye mto. Hata ukilegea, najua ni mimi. Mkinifungia kile kitu, nitalala na kusikiliza, na anayepiga atakuwa si mimi. Nitaamka asubuhi nafanana na mimi. Mtakuja kunisalimia, na mtakuwa mnasalimia nakala."

Hoja za Mwalimu ziliisha kama chaki. Rangi aligeukia dirisha. Nami nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba mtu yule hakuwa akitetea gari wala kanuni. Alikuwa anaogopa, kama ninavyoogopa mimi, na yeye alikuwa amepata neno la kuuvika woga wake, neno ambalo sisi wenyewe tulilifanya jina lake na kulichekea kila Jumapili.

"Kaka," nikasema, "aliyekukosea ni mimi. Usiuadhibu moyo wako kwa kosa langu."

"Wewe umeniibia gari langu bila kulitoa bandani," akanijibu. "Sikusikii. Na Bibi aliwaka. Mlimwona. Aliwaka kwa vyake."

"Aliwaka yeye, ukazima wewe."

"Potelea mbali."

"Hujiulizi tutakaobaki..."

"Potelea mbali, nimesema!" Mashine ikachora bonde. Refu. Muuguzi akachungulia mlangoni. Kilima kikatokea, muuguzi akaondoka.

Shemeji alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda tangu tulipofika, anaikamua taulo kwenye beseni, anamfuta mumewe paji la uso, anaikamua tena. Sasa akaitandika taulo kwenye chuma cha kitanda, akazinyoosha kingo zake, akamwinamia.

"Umemaliza?"

"Mama, usianze na wewe."

"Nimekuuliza kama umemaliza."

"Nimemaliza. Spea ya kando haikai mwilini mwangu. Haikai, na ikikaa haitakuwa mimi."

Sote tulimtazama shemeji, tukingoja kilio. Alichosema hakikuwa kilio, na ndicho kilichoufunga mjadala, maana baada yake hakuna mdomo uliofunguka mle wodini mpaka Orijino mwenyewe alipoomba aitiwe daktari.

"Mkeo wa orijino yuko makaburini, Mungu amrehemu," alisema. "Mimi nilifungwa mahali pake. Sikutoka kiwanda chake, hatufanani hata kisigino, na nyumba yako imewaka miaka yote hii bila wewe kushika hendeli. Kwa hiyo, mume wangu, kama spea ya kando haikai kwako, usianzie kifuani. Anza kwa kunifungua mimi."